Mkia Chini ya Kanzu

Katika Kijiji cha Madirisha, mnyama alipangiwa kazi kwa mkia wake. Mwenye .txt alipelekwa chumba cha kusomea; mwenye .html alipandishwa jukwaani na rangi zake zote. Bawabu Punda hakuwa na habari na sura ya mtu: alisoma mkia, akaelekeza, basi.

Mwaka 1995 Mzee Simba akatangaza kwamba mikia inachafua mandhari. Kila mkia unaojulikana ufunikwe kwa kanzu. Makofi yakapigwa, hasa na wenye mikia ya kutia shaka.

Sungura akaenda kuandikisha ukurasa wake kwa Kobe, karani wa herufi tupu.

“Jina?”

“index.html, babu.”

Kobe akaandika, kisha kwa mazoea akashona .txt nyuma yake, kanzu ikashuka. Sungura akajitazama kiooni: index.html, safi kabisa. Langoni Punda akapenua kanzu. “Chumba cha kusomea!” Ukurasa ukasimama uchi mbele za watu, <h1> na </p> zote nje.

Ofisini akaambiwa aandike upya. Akaandika upya; Kobe akashona upya. Mbuni, mshauri wa kulipwa, akamwambia aongeze .html nyingine. Sasa akawa index.html.html.txt, mikia mitatu, na bado chumba cha kusomea.

Panya wa chini ya sakafu ndiye aliyemnong'oneza: “Babu hana ubaya. Kabla hajashika sindano, penye aina ya faili mwambie ‘Faili Zote’. Au jina lifunge kwa alama za kunukuu, "index.html", hatagusa kitu. Na kwenye mipangilio ya folda ondoa ile alama ya kuficha mikia, uone ulichovishwa.”

Sungura akapanda jukwaani, kisha akaomba barazani kanzu zivuliwe kijiji kizima. Akajibiwa kwamba raia hawajalalamika.

Mei 2000 Fisi akaleta barua ya mapenzi, LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT. Maandishi tu, nani aogope? Chini ya kanzu mlikuwa na .vbs, mkia wa amri za kutekelezwa. Raia wakafungua, Punda akasoma mkia wa kweli na kuikaribisha hadi jikoni kama sheria inavyotaka, nayo ikajituma kwa kila jina lililokuwa kwenye daftari la anwani.

Baraza likaitishwa haraka. Likapiga marufuku mapenzi ya kuandikiana, na Fundi Cherehani akapewa zabuni ya kanzu ndefu zaidi.