Viazi Vyenye Uzito wa Sifuri

Anayejifunza kuandika programu huambiwa aanze na kitu kidogo, kama programu ya kutafuta maneno. Ushauri ni mzuri, na kwenye karatasi kazi yenyewe ni nyepesi: kusanya nyaraka, zikatekate kuwa maneno, tengeneza fahirisi inayoonyesha neno gani limo katika waraka upi, kisha msubiri mtu aulize. Sasa tuseme nyaraka zenyewe ni za Shume, kule juu Lushoto: mihtasari ya vikao vya kijiji, orodha za wakulima, matangazo ya bei za sokoni Lukozi. Hapo vituko vinaanza, na nashikilia kwamba vyote vina chanzo kimoja, nacho ni kuitanguliza kanuni ya kitabuni kabla ya kujua watu wa mahali huandika nini.

Tuanze na uzito wa maneno. Mwaka 1972 mtaalamu wa kompyuta Karen Spärck Jones alipendekeza kwamba neno lililomo katika nyaraka chache lipewe uzito mkubwa, na lililozagaa kote lipunguziwe. Ni wazo zuri, na hadi leo linatumika. Lakini kwa hesabu inayofundishwa sana, idadi ya nyaraka zote hugawanywa kwa idadi ya zile zenye neno hilo, kisha hutafutwa logi. Shume hakuna kikao, orodha wala tangazo linalopita bila viazi kutajwa, kwa hiyo jibu la kugawanya ni 1, na logi ya 1 ni 0. Zao linalosomesha watoto wa kata nzima limehesabiwa kuwa si kitu, sawa na “na” na “ya”, huku mjumbe aliyeomba udhuru mara moja tu akipanda juu ya orodha kama mgeni rasmi.

Kituko cha pili ni kukata viambishi, ili maumbo mbalimbali ya neno moja yahesabiwe pamoja. Kanuni maarufu ya Martin Porter ya mwaka 1980 ilitungwa kwa ajili ya Kiingereza, ambacho maneno yake hubadilika mkiani. Ukiipa mazao ya Shume, karoti na kabichi zinapita salama, ila njegere inanyofolewa irabu ya mwisho na kubaki “njeger”. Kiazi na viazi, ambavyo ndivyo vilivyohitaji kupatanishwa, haivigusi kabisa. Kiswahili hubadilika kichwani pia, na mwanafunzi yeyote aliyewahi kufungua kamusi anajua kwamba “hatukumpigia” haitafutwi kwenye H.

Mtu atasema: basi tukate kichwani, “vi” iwe “ki” na “ma” iondoke. Sawa, tukate. Kijiji cha Viti kinageuka kiti. Msitu wa Magamba unabaki gamba. Na mkulima wa Malindi, kata iliyo humuhumu Lushoto, anavuliwa “ma” yake na kupelekwa Lindi, kusini mwa Tanzania, akaulizie bei ya kabichi kwenye korosho. Herufi kubwa zingemwokoa, lakini hatua ya kwanza katika mafunzo mengi ni kuzigeuza zote kuwa ndogo, na anayeandika ujumbe kwa simu mkononi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, naye hana habari nazo.

Wengine watashauri tuache sarufi, tukate kila neno vipande vya herufi tatu tatu. Huu ni ushauri wenye akili kuliko uliotangulia: kiazi na viazi vitakutana kwenye “iaz” na “azi”. Tatizo ni kwamba kwenye “azi” wapo pia kazi, ngazi na nazi, na mnazi na baridi ya Shume wapi na wapi. Ila kasoro hiyo inavumilika, kwa sababu jibu sahihi litakuwa limo, hata kama limezungukwa na wapambe.

Kuna na yule wa “Google ipo, ya nini kuhangaika?” Google haiwezi kutafuta ndani ya mhtasari uliofungiwa kabatini, ambao hakuna aliyeupandisha mtandaoni.

Kwa hiyo, kijana wa Shume mwenye kompyuta, kabla hujaandika mstari wa kwanza wa programu, kaa na mtendaji wa kijiji na wazee wawili watatu. Waombe majina ya vijiji, vitongoji, milima na masoko, yaandike yote kwenye faili moja, na uiamuru programu yako isiyaguse.