Himaya kwa Wasio na Pupa

Yuri Gagarin aliizunguka dunia mwaka 1961 kwa dakika 108. Haraka ya nini? Mchezo wa mezani wa Twilight Imperium, toleo la 2017, una adabu zaidi: dakika hizo ni za kusomewa kanuni, maswali baadaye. Mataifa ni 17, kila moja na masharti yake, kama mganga. Pointi zinazotafutwa ni kumi tu. Nusu siku inatosha. Sayari ya Mecatol Rex ikishatwaliwa, baraza hupigia kura sheria kila raundi. Bunge kamili, ila wajumbe hawana posho na bado wanaongea! Wenye papara wacheze karata. Sisi tunamsubiri ndugu yetu aamue kama meli isogee. Mkewe amepiga simu tena. Ameambiwa amani ya galaksi iko mashakani.