USIGUSE

Chumba cha seva cha kampuni hiyo, ghorofa ya tatu, katikati ya Dar es Salaam, kilikuwa stoo kabla hakijapandishwa cheo. Mpaka leo maboksi ya karatasi za A4 yamo, na ufagio umo. Seva imekaa juu ya meza ya chuma, na usoni pake imebandikwa karatasi kwa selotepu: USIGUSE. INAFANYA KAZI. Ni Ijumaa ya Novemba 2024, saa tatu usiku, na kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo.

Waliomo ni Bi Seva mwenyewe; Jenkins, mhudumu mwenye tai ya kipepeo na kitambaa mkononi, ambaye kila watengeneza programu wanapotuma kazi yao huichukua, akaiunganisha, akaipima na kuifunga tayari kwenda kwa mteja; Kikombe, yaani Java 8, ambaye bila yeye Jenkins hasimami; Plagini mmoja wa siku nyingi; na Mjusi Kafiri, ambaye hakuajiriwa na mtu.

MJUSI: Shikamoo, Bibi.

BI SEVA: Marahaba, mjukuu wangu. Toka hapo kwenye feni, utakatika mkia.

MJUSI: Nilishakatika, huu ni wa pili. Nimeshuka na habari. Kijana wa TEHAMA yuko jikoni anachemsha maji, na kahawa aliyotia si ya mtu anayekwenda kulala.

KIKOMBE: Labda anakuja kuniosha.

MJUSI: Anakuja kukubadilisha. Mchana nilikuwa ukutani kwenye kikao. Benki, yule mteja wao mkubwa, imeleta fomu ya ukaguzi. Swali mojawapo: chombo chenu cha kuunganishia programu ni toleo gani? Kijana akasema 2.346.3. Bosi akauliza, hiyo ni mpya? Kijana akajibu, ni ya 2022. Kikao kizima kikatazama simu.

JENKINS: Mwaka ule nilikuwa mtanashati.

MJUSI: Basi Kijana akaeleza kwamba ipo 2.479.1, toleo la msaada wa muda mrefu. Bosi aliposikia "muda mrefu" akatabasamu, akatia sahihi pale pale. Kutoka nje akamwambia mhasibu, "Hii tukishaifanya, mpaka 2030 hatuisikii tena."

(Jenkins anakohoa ndani ya kitambaa chake.)

BI SEVA: Unakohoa nini?

JENKINS: Vumbi, Bi Mkubwa.

BI SEVA: Jenkins!

JENKINS: Ni wiki kumi na mbili.

BI SEVA: Nini wiki kumi na mbili?

JENKINS: Huo muda mrefu. Kwetu kila wiki hutoka toleo jipya. Kila baada ya wiki kumi na mbili wakubwa huchagua moja katika hayo, lililotulia, wakalifanya msingi. Halafu kila wiki nne hulitia viraka: nukta moja, nukta mbili, nukta tatu. Wiki kumi na mbili zikitimia unawekwa msingi mwingine, na ule wa jana hauguswi tena na sindano.

BI SEVA: Siku themanini na nne! Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Yaani mtu hajatoka eda, msaada wa muda mrefu umeshazikwa?

JENKINS: Ukiupima kwa wiki moja, Bi Mkubwa, ni mrefu.

MJUSI: Hata mimi, ukinisimamisha kando ya mbu, ni mamba.

Hapa sina budi kumtetea Jenkins. Utaratibu huo umekuwapo tangu 2011 na haukufichwa. Aliyesoma "muda mrefu" akasikia "milele" hakudanganywa na mtu. Alichoka tu, na masikio ya mtu aliyechoka husikia kitanda.

BI SEVA: Basi tumepitwa na misingi mingapi?

JENKINS: 2.361, 2.375, 2.387, 2.401, 2.414, 2.426, 2.440, 2.452, 2.462. Tisa. Kisha ndiyo hii 2.479.

BI SEVA: Tisa, na hakuna aliyepiga hodi.

JENKINS: Mimi nilipiga. Kila asubuhi niliweka tangazo jekundu pale juu kwenye ukurasa wangu. Kijana wa kwanza alipata kazi Nairobi akaondoka. Wa pili akaja na selotepu. Huyu wa tatu ana miezi minne tu.

MJUSI: Na lile la Januari?

JENKINS: Januari ipi?

MJUSI: Usijitie hamnazo. Tarehe 24 Januari 2024. Mwambie Bibi.

JENKINS: Bi Mkubwa, mimi ni mhudumu, nimelelewa kutii. Mtu akinijia kwa mlango wa amri, akaandika alama ya @ na kuifuatishia njia ya faili, nilikuwa nalifungua faili hilo na kuyachukua yaliyomo kama sehemu ya maneno yake. Sasa amri ikiwa haina maana nalalamika, na katika kulalamika nayataja yale maneno.

BI SEVA: Kwa hiyo mpita njia akikuandikia @ na mahali ilipo barua yangu, unamsomea barua yangu mlangoni.

JENKINS: Si yote! Asiye na kibali, mistari michache ya mwanzo tu. Aliyepewa kibali cha kusoma ndiye hupata yote.

BI SEVA: Na nenosiri, mwanangu, huwa na mistari mingapi?

JENKINS: ...Mmoja.

(Kiyoyozi kinadondosha tone. Hakuna anayesema.)

JENKINS: Waliziba siku ile ile. Wa matoleo ya muda mrefu waliambiwa waende 2.426.3.

BI SEVA: Na sisi tuko?

JENKINS: 2.346.3.

MJUSI: Kijana wa pili alizisoma namba hizo mbili haraka haraka. Nilimwona. Akasema, "Aa, tumo," akaenda kula chipsi.

PLAGINI: Mimi naona tusichafue hewa. Mifumo ina wenyewe, tuwaachie wenyewe.

BI SEVA: Na wewe nani? Nakubeba siku zote, sijawahi kukuuliza kazi yako.

PLAGINI: Mimi ni mpaka rangi. Aliyemuumba Jenkins ni Kohsuke Kawaguchi, Mjapani, siku hizo akiwa Sun Microsystems. Kwao taa ya kuruhusu magari huitwa ya buluu. Basi kazi ikifaulu, Jenkins alionyesha duara la buluu. Watu wengine wakawa wanalitazama na kujiuliza, hii imefaulu au imeganda? Ndipo nikaletwa mimi, nigeuze buluu kuwa kijani.

BI SEVA: Kazi nzuri.

PLAGINI: Ilikuwa. Siku hizi Jenkins huweka kijani mwenyewe.

BI SEVA: Basi wewe unafanya nini?

PLAGINI: Kila tukiwashwa, napakiwa.

BI SEVA: Halafu?

PLAGINI: Basi.

MJUSI: Mfanyakazi hewa! Kumbe tunaye humu humu!

PLAGINI: Niondoeni, kama mna ubavu. Mnajua nani ananitegemea?

BI SEVA: Nani?

PLAGINI: Hakuna anayejua. Ndiyo bima yangu.

KIKOMBE: Na mimi je? Nilitoka Machi 2014. Nimembeba huyu Jenkins, nimembeba na Plagini hewa, na sikuwahi kumwagika.

JENKINS: Kaka, wewe ni mwema, lakini wenzangu walishakuaga zamani. Msingi wa 2.346 ulikuwa wa mwisho kukukubali. Wa 2.361 ukataka Java 11. Huu wa sasa unataka 17 au 21.

KIKOMBE: Kwa kosa gani?

JENKINS: Hakuna kosa. Maktaba tunazozitegemea zimehama, na zilipohamia hapana kochi la saizi yako. Hata majina yamebadilika. Vitu vilivyoitwa javax sasa vinaitwa jakarta, maana Oracle walipovikabidhi kwa Eclipse Foundation, jina walibaki nalo.

BI SEVA: Hao Oracle si ndio waliokubadilisha na wewe?

JENKINS: Ndio hao. Mimi nilizaliwa Hudson. Waliponunua Sun wakasema Hudson ni jina lao, wenzangu wakapiga kura Januari 2011, nikawa Jenkins. Tai ilibaki ile ile.

(Mlango unafunguliwa. Kijana anaingia na kahawa, kompyuta mpakato na kipande cha mkate. Wote wananyamaza, isipokuwa feni.)

Saa moja ya kwanza Kijana alifanya kama kitabu kinavyosema. Alizima kazi zote. Akanakili nyumba nzima ya Jenkins, /var/lib/jenkins, pamoja na ile folda ya siri yenye faili la master.key, kwani bila ufunguo huo manenosiri yaliyohifadhiwa yangekuwa makopo yasiyo na kifunguzi. Mpaka hapo alistahili pongezi. Kisha akaiweka nakala hiyo kwenye folda ya pili ya diski ile ile.

MJUSI (kwa sauti ya chini): Bibi, akiba ameiweka wapi?

BI SEVA: Tumboni mwangu.

MJUSI: Na nyumba yenyewe iko wapi?

BI SEVA: Tumboni mwangu.

MJUSI: Basi usiugue.

Saa tano na robo akamwamsha Jenkins mpya. Jenkins mpya akamtazama Kikombe kutoka chini mpaka mkononi, akaandika kwenye logi kwamba, kwa hesabu ya ndani ya Java, namba ya huyu ni 52 na yeye anataka kuanzia 61, yaani Java 17, akarudi kulala. Kijana akaguna, akaiweka Java 17. Kikombe hakufutwa. Alisogezwa kando na kuachwa kwenye diski, "huenda kuna kitu kinamhitaji," kama mzee wa ofisi aliyestaafu anayekuja kila siku kusoma gazeti.

KIKOMBE: Nimekaa karibu na nani hapa?

PLAGINI: Na mimi. Karibu. Huku hakuna kazi, na hakuna anayeuliza.

Saa sita usiku Jenkins akasimama, safari hii kweli, ila plagini kumi na moja ziligoma: huyu anamtaka yule katika toleo jipya, yule hakubali bila wa tatu. Kijana alizisasisha moja moja, huku akila ule mkate bila kuutazama. Mpaka rangi alipita bila kuguswa. Saa nane kasoro kurasa zote zilifunguka, na Kijana akasimama akacheza hatua mbili peke yake kati ya maboksi.

JENKINS: Bi Mkubwa, hawajaitika.

BI SEVA: Kina nani?

JENKINS: Vibarua wangu. Zile mashine mbili za chumba cha pili, wanaofanya kazi nzito. Mimi nagawa tu. Nawaita, hawaitiki. Nao wanataka Java 17, na wao wana kina Kikombe.

MJUSI: Kijana anajua?

JENKINS: Atajua akibonyeza.

(Kijana anabonyeza. Anakaa chini kwenye boksi la karatasi. Baada ya muda anainuka, anakwenda chumba cha pili. Anarudi saa tisa na nusu, shati nje.)

Ilipokuwa imebaki kuzima taa tu, selotepu ya zamani, kwa joto la usiku ule, ikaachia upande mmoja. Kijana akaivuta karatasi ya USIGUSE ikatoka yote. Chini yake palikuwa na karatasi nyingine, ndogo, mwandiko wa yule aliyekwenda Nairobi: "Hili ndilo toleo la mwisho la Java 8. Lijalo linataka 11. Tuhame kabla ya Desemba 2022. Si kazi ya siku moja, ila ni ndogo tukiwahi."

Aliisoma mara mbili. Akachukua kalamu, akafuta 2022, akasita, akahesabu kwa vidole.

MJUSI: Anahesabu nini?

JENKINS: Wiki kumi na mbili. Zitamfikisha kabla ya Ramadhani.

MJUSI: Ameandika?

BI SEVA: Ameirudisha kalamu mfukoni. Anafungua boksi la A4.

MJUSI: Anaandika nini, Bibi? Mimi nimekaa vibaya, naona mgongo wake tu.

BI SEVA: Ile ile.

MJUSI: Na anaibandika juu ya ile ndogo?

BI SEVA: Juu yake.

MJUSI: Haina neno, selotepu huachia.

BI SEVA: Safari hii ametumia gundi.