Vitu vinane vya kutazama ukifumua chaja ya betri (kelele ruksa)

Mezani ziko chaja mbili za matundu manne. Moja ni ya bei poa, unaichomeka ukutani na kuomba dua. Nyingine ina skrini na majivuno. Zote zinapokea betri za 18650, zile za milimita 18 kwa 65 zinazotolewa kwenye laptop zilizokufa na kwenda kuishi maisha mapya ndani ya tochi na pawabenki.

Kamati ya majaji ina wajumbe wawili, mimi na bisibisi, na bisibisi haina kura. Tunaanza na kisicho na maana, tunapanda hadi kile cha kutazama kabla ya vyote. Mafundi, rufaa zenu zinapokelewa; najua namba 4 itawauma.

8. Skrubu ya nne

Umefungua tatu, kava haliachii. Unalibembeleza, unaingiza ukucha, ukucha unakatika. Ya nne iko chini ya stika, tena stika ile ile iliyoandikwa "usifungue", kwa hiyo lazima utoboe onyo ili kulikaidi.
Hukumu: mtoto wa mjini. Pointi moja ya ucheshi.

7. Taa nyekundu na ya kijani

Kuna chaja za AA za bei ya chini ambazo ukifuata njia ya shaba kutoka kwenye taa unakutana na rezista moja, basi, safari imeisha. Taa inawaka kwa kuwa mkondo unapita. Itawaka betri ikiwa tupu, itawaka ikiwa imejaa, na itawaka betri ikianza kuchemka. Na sisi tunaitazama kila asubuhi tukisema "imeshaiva".
Hukumu: shahidi wa uongo, anaapa hata kabla hajaulizwa.

6. Springi

Ile unayoivuta nyuma ili betri iingie. Ulidhani kazi yake ni kubana tu? Itazame kwa karibu kwenye chaja ya bei poa: mara nyingi springi yenyewe ndiyo waya, mkondo wote unazunguka humo humo kwenye chuma. Ikipata kutu na vumbi, ukinzani wa omu 0.1 si ajabu. Kwa ampia 1, hiyo ni volti 0.1 inayopotea njiani. Chaja inaona 4.2, betri ina 4.1, mkondo unaanza kupunguzwa mapema, na wewe unasubiri hadi jogoo awike.
Hukumu: kazi mbili, mshahara mmoja. Mpeni hata nauli.

5. Chipu isiyo na jina

Kwenye ile yenye skrini, chipu kubwa ya katikati imesuguliwa kwa msasa hadi maandishi yamefutika, ili washindani wasiige.
Hukumu: wameshaiga. Nao wamesugua.

4. TP4056

Tulieni. Najua mnaipenda. Miguu minane, milimita 5 kwa 4, na kwenye chaja nyingi rahisi za lithiamu utazikuta nne zimepanga foleni, kila moja na tundu lake. Rezista ya omu 1,200 inaiambia itoe ampia 1. Inasukuma mkondo huo hadi betri ifike volti 4.2, inashikilia hapo hapo, mkondo unapungua wenyewe, na ukishuka hadi moja ya kumi, inakata. Adabu tupu.

Sasa tatizo. Volti inazozipunguza haziendi popote, zinageuka joto. Zinaingia 5, betri iko 3.7, kwa ampia 1 hiyo ni wati 1.3 kwenye kitu kidogo hivyo. Zidisha mara nne, funga ndani ya plastiki isiyo na tundu la hewa, weka juu ya kitambaa cha meza. Ikifika nyuzi 145 ndani yake, inajipunguzia mkondo.
Hukumu: mfanyakazi hodari mwenye homa isiyoisha. Ukitaka kujua imekaa wapi bila kufungua kava, papasa mgongo wa chaja.

3. Matundu pacha

Chukua mita, iweke kwenye mlio, gusisha ncha chanya za matundu mawili ya lithiamu, kisha ncha hasi. Ikilia mara zote mbili, umeuziwa tundu moja mara mbili. Maana yake betri iliyojaa ya volti 4.2 na iliyokwisha ya volti 3 ukiziweka pamoja, iliyojaa inaimiminia mwenzake ampia kadhaa kwa mkupuo, na chipu haina habari.

Za AA zina kisa chao. Mbili zinafungwa mfululizo kwenye saketi moja, ndiyo maana kuna chaja inayokataa kazi ukiweka betri moja. Dhaifu inashiba mapema, lakini inaendelea kulishwa kwa lazima hadi mwenzake naye ashibe.
Hukumu: ndoa ya mkeka. Aliyefungisha hayupo, na risiti imefutika.

2. R100

Kirezista cheusi, bapa, unaweza kukipuliza kikapotea. Maandishi hayo yanamaanisha omu 0.1. Mkondo wote wa tundu unapita hapa, na chipu inapima volti ndogo inayojitokeza kati ya ncha zake: ampia 1 inaleta volti 0.1, nusu ampia inaleta nusu ya hiyo. Unajumlisha kwa saa, ndipo inapatikana ile namba ya mAh kwenye skrini. Humo ndimo betri iliyoandikwa 9,900 inapovuliwa nguo, kwa sababu 18650 bora kabisa madukani haifiki hata nusu yake.
Hukumu: mkaguzi asiyehongeka. Skrini inayojichukulia sifa zake haikuingia hata nane bora, na haitaingia.

1. Mwanya

Ndiyo, hewa. Ufa mwembamba uliokatwa kwenye bodi ya chaja ya ukutani, chini ya transfoma. Upande mmoja ni umeme wa TANESCO: volti 230 zikishanyooshwa zinafika kama 325 na kukaa kwenye kapasita nene ya 400V, na zinaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa. Mita kwanza, vidole baadaye. Upande wa pili ni betri, na mkono wako.

Unyevu wa Tanga ukichanganyika na vumbi juu ya bodi unajenga kajinjia ka umeme. Ufa unakakata. Wenye ruhusa ya kuvuka ni watatu: transfoma kwa sumaku, optokapla kwa mwanga, na kapasita ya buluu yenye alama ya Y, ambayo ndiyo inayokutekenya ukigusa chuma cha kifaa cha plagi ya miguu miwili. Pande hizo zikikaribiana chini ya milimita 5, au ukikuta tone la risasi limening'inia katikati, chaja hiyo haifungwi tena, inakwenda kwenye vyuma chakavu.
Hukumu: bingwa. Unataka nishushe hewa na kupandisha chipu? Chipu ikizembea, utanunua chaja nyingine. Haya, bisha.