Dereva wa Ghorofa Anawasalimu

London

Kwa Mama, Guka na ukoo wote wa Runyenjes, pamoja na wajomba wa Nkubu ambao najua watasomewa barua hii kwa simu, spika ikiwa juu.

Baridi ipo, pesa haipo, na lile swali lenu la kila Krismasi jibu lake bado ni hapana, sijapata mchumba. Sasa tuongee mambo ya maana.

Guka, unawakumbuka mbuzi wako niliokuwa nikiwachunga kando ya barabara ya Embu kwenda Meru? Wale mbuzi walivijua vituo vya njia ile kuliko abiria wenyewe. Niliwaimbia mchana kutwa: Embu, Runyenjes, Chuka, Chogoria, Igoji, Kanyakine, Nkubu, Meru! Jioni mmoja akigoma kuingia zizini, namwambia asonge nyuma, kuna nafasi ya watatu. Shuleni tulipoambiwa tuandike insha juu ya kazi tutakayofanya ukubwani, darasa zima likawa madaktari na marubani. Nami nikawa daktari, kwa kuwa mwalimu alikuwa na kiboko na ukweli haukumfurahisha. Lakini moyoni nilitaka kitu kimoja tu: kuendesha basi. Si zile Peugeot 504 ambazo watu walipangwa ndani kama ndizi za Nkubu, la. Basi! Basi la Kensilver likipita kuelekea Meru nilisimama wima, nikavua kofia. Usukani wangu ulikuwa kifuniko cha sufuria, na githeri ya siku zile ilinukia moshi kwa sababu hiyohiyo.

Basi ndugu zangu, nimefika. Naendesha basi jekundu la ghorofa katika mji wa London.

Haikuwa rahisi. Leseni ya Kenya hapa inakubalika miezi 12 tu, baada ya hapo unaanza upya kama mtu ambaye hajawahi kuona gia. Nikasoma, nikafanya mtihani wa nadharia, nikafanya wa barabarani, nikapata leseni ya daraja D. Halafu ikaja asubuhi ya kukabidhiwa basi, peke yangu, bila mwalimu pembeni. Mngedhani kutakuwa na vigelegele! Msimamizi aliniambia nisichelewe kutoka, akarudi kwenye chai yake. Ndoto niliyoilea tangu enzi za mbuzi ikanipita mbele ya macho imevaa fulana ya njano inayong'aa, na mimi nilikuwa nikiwaza choo kiko wapi mwisho wa njia. Ilipita wiki kadhaa kabla sijang'amua, nikiwa kwenye taa nyekundu, kwamba ahaa, kumbe hii ndiyo ile.

Vijana wa steji watauliza mambo ya kasi. Wanangu, kaeni chini. Sehemu kubwa ya katikati ya London mwisho ni maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32. Kidhibiti mwendo cha Michuki, aliyekuwa waziri wetu wa uchukuzi, kilituachia 80 na bado tulilia kwamba ametuonea. Mimi hapa napitwa na baiskeli, na mwenye baiskeli ananikodolea macho.

Makanga hakuna. Kengele inalia, mlango unafunguka, mtu anagusisha kadi, kwisha. Pesa taslimu tuliacha kupokea Julai 2014, kwa hiyo hakuna kubishania chenji wala kuambiwa utapewa mbele. Nauli ni ileile, iwe mvua, iwe msimu wa Krismasi. Jaribuni kumweleza hilo mwenye matatu ya Embu tarehe 23 Desemba! Na vituo vinatajwa na mashine, kwa sauti ya mama mpole asiye na haraka. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma. Nilifanya mazoezi miaka mingi na mbuzi, nikavuka bahari, nikakuta kazi imeshapewa kompyuta.

Nikichomeka jambo hapa: zamani mabasi ya hapa yaitwayo Routemaster yalikuwa wazi kwa nyuma, abiria anarukia na kuruka apendavyo, na kondakta yupo. Katika huduma ya kawaida yalimalizikia njia ya 159, tarehe 9 Desemba 2005. Michuki aliwafungia makanga wetu ndani, akawavisha sare, Februari 2004. Kwa hiyo kwa karibu miaka miwili, kudandia basi kulikuwa halali zaidi London kuliko Embu. Wazungu hawa wametutangulia hata katika ukorofi.

Guka, ungekuwa mkazi wa hapa ungepanda bure. Ukifikisha miaka 60 unapewa kadi, ila siku za kazi ni baada ya saa tatu asubuhi, maana kabla ya hapo wenye kazi wanagombea viti.

Najua si mimi peke yangu niliyekuwa na ndoto. Binamu yangu wa upande wa Maua aliapa kwamba lazima ale Ulaya. Akapanda miraa, na miraa yake ikapanda ndege mara nyingi kuliko ukoo wetu wote, mpaka Uingereza ilipoipiga marufuku tarehe 24 Juni 2014. Akanuna, kisha akapanda parachichi za kuuzwa nje. Alitaka kula Ulaya. Sasa Ulaya ndiyo inayokula shambani kwake. Dada naye alitaka kutangaza redioni. Leo anasoma matangazo kanisani kila Jumapili, na hakuna anayeweza kubadilisha stesheni.

Na wewe Mama, miaka yote ile ya mtungi mgongoni ulitaka mfereji uani, basi. Ule mradi wa maji ya mlimani ulipofika kwetu, nilikupigia simu nikupongeze. Tuliongea nusu saa juu ya bili.

Jambo la mwisho. Nimesikia huko kanisani inasemekana mimi ni meneja wa uchukuzi wa jiji. Mama, cheo hicho sikijui, na mwenye nacho asije akasikia. Mimi nina usukani wa kweli na watu hadi kwenye ghorofa ya juu, na wengine huniambia asante wakishuka, jambo ambalo dereva wa Meru angelidhania ni matusi. Jumapili ijayo simama uwaambie waumini kwamba kijana wako ni dereva wa basi. Wakiuliza mshahara ni kiasi gani, waambie mtandao ulikatika hapo.