Posho Inaingia Lini, Madam?

Jumamosi iliyopita, baada ya asubuhi nzima ya kueleza namna ya kumfundisha mtoto aliye upande wa pili wa skrini, niliuliza kama kuna swali. Kimya. Nikasubiri, maana ndivyo ninavyowahimiza walimu: usijijibu mwenyewe, mpe mwanafunzi muda wa kufikiri. Mara ukanyanyuka mkono, ule wa manjano wa kwenye Zoom. Nikafurahi.

"Karibu, Mwalimu."

"Ahsante, Madam. Kwanza nikupongeze kwa wasilisho zuri. Swali langu ni dogo tu. Posho inaingia kwa simu au benki?"

Hapo walimu waliokuwa mabubu tangu saa tatu wakapata vidole. Ujumbe ukaanza kumiminika pembeni mwa skrini. Wa simu walitaja mitandao yao, wa benki walitaja matawi. Mmoja, aliyekuwa ameketi kitandani kwake na shuka la maua likionekana nyuma ya kichwa, akaandika: "Na nauli je?"

Kwa faida ya msomaji, mwenye kuuza pale nilikuwa mimi. Nauza mafunzo ya kufundisha mtandaoni. Kampuni ina mtu mmoja: mkurugenzi ni mimi, mhasibu ni mimi, na yule anayepokea simu na kusema mkurugenzi yuko kikaoni ni mimi tena, kwa sauti nyembamba kidogo.

Soko lenyewe halikunisubiri. Shule zetu zilifungwa katikati ya Machi 2020 kwa ajili ya korona, masomo yakahamia redioni na kwenye televisheni, na ilipofika tarehe 29 Juni watoto wa msingi na sekondari walikuwa wamesharudi madarasani. Wenzetu wa Kenya walifunga shule mwezi huohuo wa Machi na watoto wengi hawakurudi mpaka Januari 2021. Huko mwalimu alilazimika kuijua Zoom apende asipende. Hapa kwetu mtandao ulibaki kwenye mabango ya shule binafsi: uwanja wa michezo, usafiri, na "masomo kwa njia ya mtandao". Siku moja mzazi anauliza hayo masomo yako wapi, na mwenye shule ananipigia mimi.

Tatizo ni kwamba semina nchini mwetu ina viungo vyake, na kila mtumishi anavijua: bango, chai ya saa nne na chapati, kalamu mpya, picha ya pamoja, karatasi ya mahudhurio yenye jina, cheo, kituo cha kazi, namba ya simu na saini, halafu bahasha. Kati ya vyote hivyo, somo ndilo pekee unaloweza kulikosa na bado ukahesabiwa umehudhuria. Mimi naingia na somo tupu na kuomba nilipwe. Ni sawa na kufungua mgahawa mahali ambapo watu wamezoea kulipwa ili wale.

Lakini swali la posho lilikuwa hitimisho tu. Asubuhi ile ilikuwa imeshaharibika dakika ya kwanza, na ilivyoharibika inastahili kuelezwa kwa utulivu.

Mwenye shule alinihakikishia kwamba kila mwalimu ataingia kwa simu yake. Nami nikaona kila mwalimu yuko kwake, ameketi. Kumbe mwalimu wa taaluma alikuwa amewakusanya karibu wote kwenye ofisi ya walimu, kwa sababu Wi-Fi ya shule inafika pale na ni ya bure. Chumba hakina dari: bati juu, saruji chini, kuta tupu. Meza zimepangwa kwa umbo la U, kama inavyotakiwa kwenye semina halali. Na mbele ya kila mwalimu kuna simu, sauti imepandishwa mpaka mwisho, maiki wazi.

Nikasema, "Habari za asubuhi, walimu."

Salamu ikatoka kwenye simu zote na kuingia kwenye maiki zote. Ikanirudia: asubuhi walimu, suhi walimu, limu, limu. Sijakaa sawa, ikarudi tena, safari hii ikiwa na mluzi ndani yake. Kisha maneno yakaisha, ukabaki mluzi.

Mluzi huu ni jambo tamu kulifikiria ukishatoka ndani yake. Mwanafizikia wa Denmark, Søren Absalon Larsen, ndiye aliyeuchunguza zamani, na mpaka leo Wafaransa wanauita kwa jina lake. Kanuni yake ni fupi. Maiki inasikia spika, spika inatoa kilichosikiwa na maiki, maiki inakisikia tena. Sauti ikirudi na nguvu pungufu kila mzunguko, inakufa. Ikirudi na nguvu zaidi, hata kiasi kidogo tu, inakua, tena haraka. Ila haikui yote. Kila chumba, kila spika na kila maiki vina mlio vinavyoupendelea kuliko mingine. Huo ndio unaoshinda kila mzunguko, mingine inaachwa nyuma, hadi hotuba yako yote ya ufunguzi inageuka noti moja. Yeyote aliyehudhuria harusi ambapo MC amejisahau akapita mbele ya spika anaijua noti hiyo.

Sasa utauliza: mbona mtu akiwa peke yake anapiga Zoom, spika wazi na maiki wazi, na hakuna mluzi? Hapa ndipo mimi hupata raha kabisa. Simu inakumbuka kila inachokitoa kwenye spika yake. Maiki ikileta sauti, programu inalinganisha: hii si ndiyo niliyoitoa mimi mwenyewe punde? Basi inaiondoa kwa hesabu ya kutoa, na kinachosalia, yaani sauti ya binadamu, ndicho kinachosafirishwa. Inafanya hivyo mfululizo, ikijirekebisha ukisogeza simu, ukifungua mlango, ukiinama. Simu janja ya bei poa kutoka Kariakoo inafanya hesabu hiyo huku wewe unajikuna kichwa, na hakuna anayeishukuru.

Ila kila simu inaijua spika yake tu. Simu ya mwalimu wa Hisabati haina habari na ya mwalimu wa Jiografia iliyo mezani pembeni. Sauti yangu inafika kwenye simu hizo mbili kwa kupishana kidogo, kila moja kwa wakati wake, kwa hiyo hesabu ya kutoa inagoma. Simu ya Hisabati inaamua, kwa nia njema kabisa, kwamba hicho kinachosema pembeni ni mtu, na huenda ana hoja, hivyo inampeleka hewani. Ya Jiografia inampeleka wa Kiswahili, ya Kiswahili inampeleka wa Sayansi. Hakuna simu iliyokosea. Kila moja ilifanya kazi yake kwa uaminifu kuliko baadhi ya wenye simu.

Kuna na balaa la pili. Ukiisikia sauti yako mwenyewe ikiwa imechelewa sehemu ndogo ya sekunde, ubongo unashindwa kuongoza ulimi. Wajapani wawili, Kazutaka Kurihara na Koji Tsukada, walitengeneza kifaa kinachomrudishia msemaji maneno yake kwa kuchelewa kidogo ili ashindwe kuendelea, na mwaka 2012 wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya tafiti zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Wao walikuwa na kifaa kimoja. Mimi nilikuwa na ofisi nzima ya walimu. Nilitaka kusema "zimeni maiki", kilichotoka ni "zimeeni mamamaiki". Mwalimu mmoja akauliza, "Mama nani?" Swali lake nalo likaanza kuzunguka.

Mama mkwe akafungua mlango. "Mwanangu, hiyo redio imekufa. Izime, mtoto ameamka."

Walimu wakamsikia zaidi ya mara moja. Kwa adabu yao wakaitikia, "Shikamoo, mama!" na shikamoo ile ikapaa, ikarudi, ikapaa tena. Mama mkwe ni mtu wa heshima. Alisimama pale mlangoni akiitikia marahaba kila ilipomfikia, mpaka akachoka.

Nikabonyeza kitufe cha kuwafunga maiki wote. Kukawa na amani. Kisha mwalimu mmoja akaona alama yake ya maiki imepigwa mstari mwekundu, akaifungua ili atoe taarifa: "Madam, mimi maiki yangu imejifunga." Wenzake wakafungua zao kumwambia kwamba hata zao zimejifunga.

Dawa ya ugonjwa huu haizidi sentensi moja: simu moja ibaki katikati ya meza, nyingine zote zitoke. Nikampigia mwalimu wa taaluma pembeni, kwa simu ya kawaida, nikamweleza. Akashusha sauti. "Madam, hilo haliwezekani. Wakitoka hawataonekana kwenye mahudhurio."

Mtu alikuwa ameshawaambia kwamba mfumo unaandika kila aliyeingia na saa aliyoingia. Hivyo walikuwa wameketi bega kwa bega, kila mmoja akiwa ameingia kivyake, wakivumilia mluzi ule masikioni, ili jina lisikose kuonekana. Larsen alichunguza spika na maiki. Karatasi ya mahudhurio hakuifikia.

Tukasuluhishana. Simu zote zibaki ndani, maiki zimefungwa, sauti sifuri, ya mwalimu wa taaluma peke yake iseme. Nikafundisha simu zilizolala kifudifudi. Jioni nikatumiwa maelekezo ya kuandaa vyeti kwa majina kama yalivyo kwenye orodha ya mfumo. Kwenye orodha kulikuwa na Galaxy A12, Mama Junior, iPhone isiyo na mwenyewe, na Tecno Spark watatu. Nimeandaa. Kuanzia sasa yupo mtu nchini hapa mwenye cheti changu, chenye muhuri, kinachothibitisha kwamba Tecno Spark amefuzu ufundishaji mtandaoni.

Mengine yaliyonipata katika biashara hii hayana uzito huo. Zoom ya bure inakata kikao dakika ya 40, na mimi ilinikata nikisema "na jambo muhimu kuliko yote ni". Kanga niliyoitundika nyuma yangu ili kuficha kabati ilikuwa na maneno ya kumsema jirani, na mwalimu mkuu mmoja aliniuliza kwa upole kama maneno hayo yanamhusu yeye. Umeme uliniishia nikieleza namna ya kujiandaa kwa dharura, nikawa naingiza tarakimu 20 za LUKU kwa mwanga wa tochi huku nikisikika nchi nzima. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, angalau nilipata udhuru wa kimataifa. Na ofisi moja ya leseni ilitaka mkataba wa pango wa biashara isiyo na ofisi, kwa hiyo mume wangu amenipangisha pembe ya chumba chetu cha kulala. Kodi bado hajaidai.

Sasa yule wa nauli. Nilimpigia baadaye, nia yangu kumtania: Mwalimu, nauli ya kutoka kitandani kwenda wapi? Hakucheka. Akaniambia Wi-Fi ya shule haimfikii nyumbani, na nyumbani ndiko anakofundishia. Shule imewaagiza walimu wa madarasa ya mitihani wawe na vipindi vya jioni mtandaoni, na simu ni yake, chaja ni yake, bando ni lake. Saa moja ya kikao cha video inaweza kula gigabaiti nzima au zaidi. Nyongeza ya mshahara hakuna. Ada ya wazazi imepanda, na sababu iliyoandikwa kwenye barua ni masomo ya mtandaoni.

Kwa hiyo nauli ilikuwa halali kabisa. Yeye hakusafiri, lakini data ilisafiri, na tiketi alikata yeye.

Tangu hapo utani wa posho umenichacha mdomoni. Tunawacheka walimu kwa kupenda semina, na hatumcheki aliyewazoesha kwamba pesa ya kuzibia pengo la mshahara inapatikana huko. Tunamwambia mwalimu aende na wakati, aijue TEHAMA, akutane na wenzake kwenye mafunzo kazini, na kila agizo linakuja bila senti. Wanaoninunua hawajawahi kuniuliza Jumatatu mwalimu atafundisha nini tofauti. Wanauliza vitu vitatu: orodha, picha, vyeti. Yule mwenye shule wa Jumamosi alinilipa nusu, na nusu nyingine ameahidi mwisho wa mwezi bila kutaja ni mwezi upi.

Nimeibadilisha ankara yangu. Ina mistari mitatu sasa: bando la washiriki, posho ya washiriki, ada ya mafunzo. Nimeituma kwa mradi mmoja wenye wafadhili, nao wamejibu upesi na kwa heshima kubwa. Bando wamelikubali. Posho wameikubali, na wameshauri iongezwe kidogo ili ilingane na ya miradi mingine. Wanaomba tu nifikirie kupunguza ada ya mafunzo, au kama inawezekana, niiondoe.