Insha Ukutani

Tangu Julai 2022, baraza la mawaziri la Uganda lilipopendekeza Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, nyumba yetu ya kupanga hapa Mulago haina amani. Mimi ni mtu wa Tanga niliyeolewa na Muganda nikazaa pacha. Mtaani naitwa Nnalongo, mama wa pacha, na mume wangu Ssalongo. Usiku wa kazi za shule naitwa kamusi.

Safari hii Babirye na Kato walipewa insha ya hoja: mkaa wa kupikia upigwe marufuku au usipigwe? Mwalimu alitaka mpango kwanza: msimamo, hoja na ushahidi wake, kisha hoja ya mpinzani na jibu. Kato, mtetezi wa mkaa, alipanga kichwani, yaani hakupanga. Babirye alikosa karatasi kubwa, akachukua kipande cha mkaa akaujaza mpango wake kwenye ukuta wa baraza: misitu, moshi, amri ya Rais Museveni ya Mei 2023 iliyozuia biashara ya mkaa kaskazini. Kazi safi, mishale kila upande. Ila ukuta haukuwa wetu.

Jioni mwenye nyumba akaja kufuata kodi. Mzee huyu aliendesha malori ya Mombasa miaka mingi. Kiswahili chake ni cha mizani na vituo vya mafuta. Alipouona ukuta akavua kofia.

Kato akakimbilia huruma. "Mzee, Jjajja ana presha." Jjajja, bibi yao, aliyekuwa akichochea sigiri, akasema presha hana. Mume wangu akakimbilia ukubwa, akamtaja diwani rafiki yake. Mzee akasema huyo diwani naye anadaiwa kodi.

Aristotle alitaja njia tatu za kumshawishi mtu: tabia ya msemaji, hisia za msikilizaji, na hoja yenyewe. Wanaume wangu walishaziharibu mbili.

"Shikamoo, Mzee," akasema Babirye. Mzee akaitikia marahaba kabla hajakumbuka kukasirika. "Ukuta ni wako, na nimeuchafua. Una haki ya kukasirika. Lakini rangi ilishabanduka kwa mvua. Lete chokaa, nitapaka mimi, hutalipa fundi."

Kumpa mpinzani chake kwanza! Insha nyingi za shule hufia hapo. Mtoto humwogopa mpinzani, akamficha.

Mzee akausoma ukuta kuanzia juu. Akaokota mkaa, na pale pa hoja ya mpinzani, palipokuwa na mstari mmoja mwembamba, akaandika: GESI IKIISHA USIKU JE? Jjajja akaacha sigiri kuja kumwongezea: matoke ya kufukiza kwenye majani hutaka moto wa taratibu, saa nzima nzima, mtungi gani utastahimili? Kato akayaiba yote mawili daftarini. Babirye akaja na bei ya gunia la mkaa, Jjajja akaja na bei ya mtungi, na hakuna aliyekumbuka sufuria mpaka harufu ikatufikia.

Mzee alikula matoke yaliyoungua, akaomba ya pili.

"Chokaa naleta Jumamosi," akamwambia Babirye. Kisha akamgeukia mume wangu. "Ssalongo, sasa nipe hoja ya kodi."